Uzi: Selulaiti na mafuta sugu bila kisu. Jua kilichopo chini ya ngozi kabla ya kuchagua mashine

#1 Mwanangozi

Wakuu, habari zenu. Swali la "mashine ipi ni nzuri" halina jibu mpaka ijulikane mtu anatibiwa nini. Uzi huu nataka uwe wa kiufundi. Wenye ujuzi wa vifaa, sindano na vipimo, karibuni mjazie.

Kwenye tumbo na mapaja kuna mambo manne tofauti yanayoweza kumkera mtu, na hakuna mashine moja inayoyagusa yote. Kuna mafuta ya chini ya ngozi, yale unayoweza kuyashika kwa vidole. Kuna mafuta ya ndani ya tumbo, nyuma ya misuli, yanayozunguka utumbo. Kuna ngozi iliyolegea. Halafu kuna selulaiti, yaani vibonyeo vya ngozi, ambayo wengi wanaihesabu kama mafuta ilhali tatizo lake kubwa ni nyuzi.

Kati ya ngozi na misuli zipo nyuzi za kolajeni zinazoishikilia ngozi isielee. Kwa wanawake nyingi zimesimama wima, na katikati yake mafuta yamekaa kwenye vyumba vidogo vidogo. Mafuta yanasukuma juu, uzi unavuta chini, na pale unapovuta ngozi inabonyea. Kwa wanaume nyuzi hizo zimepita kimshazari na kupishana, ndiyo maana hata mwanaume mnene ni nadra kuwa na vibonyeo. Mwembamba naye anaweza kuwa navyo, kwa sababu uzi unavuta hata mafuta yakiwa machache.

Madaraja ya selulaiti ya Nürnberger na Müller ya mwaka 1978 bado yanatumika. Daraja 0: ngozi ni laini hata ukiifinya. Daraja 1: laini ukisimama na ukilala, vibonyeo vinatokea ukifinya tu. Daraja 2: vinaonekana ukisimama, vinapotea ukilala. Daraja 3: vinaonekana umesimama na umelala.

Inakadiriwa 80% hadi 90% ya wanawake baada ya kubalehe wanayo kwa kiwango fulani. Si ugonjwa, na wala si "sumu" iliyojikusanya mwilini. Anayetaka kupunguza apunguze, asiyetaka hana anachokosa kiafya.

#2 Kipimo

Nakazia hapo kwa Mwanangozi, vipimo kwanza.

Simama wima, shika pindo la mafuta kwa kidole gumba na cha shahada, vuta mbali na misuli, kisha kaza tumbo. Kinachobaki mkononi ndicho mafuta ya chini ya ngozi. Kama tumbo limejaa mbele lakini kinachoshikika ni chembamba, na ukilala chali bado limesimama, sehemu kubwa ni mafuta ya ndani. Hayo hayafikiwi na baridi, joto, mawimbi wala sindano yoyote itakayotajwa kwenye uzi huu. Yanapungua kwa chakula, mwendo, usingizi, na dawa pale daktari anapoona inafaa.

Sasa angalia hesabu hii, maana matangazo mengi yanaificha. Chukua eneo la tumbo lenye urefu wa sentimita 15, upana 10, na mafuta yenye unene wa sentimita 3. Hiyo ni sentimita za ujazo 450. Tiba iliyofanya kazi vizuri inapunguza karibu robo ya unene, tuseme 22%. Unapata takriban mililita 100, yaani kama gramu 90. Mzani hautasogea, na hata kiuno kinaweza kupungua sentimita chache tu. Hizi ni tiba za kurekebisha umbo la mtu ambaye uzito wake tayari umetulia. Mwenye BMI (uwiano wa uzito na urefu) zaidi ya 30 kwa kawaida haoni tofauti.

Picha za kabla na baada zipigwe umbali uleule, urefu uleule wa kamera, nguo ileile, misuli ikiwa imelegea, na taa ikitokea juu kwa pembeni. Taa ya mbele inafuta vibonyeo vyote. Ukiona picha ya "kabla" ina kivuli na ya "baada" imemulikwa usoni kwa usoni, hujaonyeshwa matokeo, umeonyeshwa taa. Futi ya kupimia ipite usawa wa alama iliyowekwa, mfano sentimita 3 chini ya kitovu, mwisho wa kutoa pumzi ya kawaida.

#3 FundiVifaa

Ahsanteni. Naanza na kugandisha mafuta kwa baridi, kitaalamu kraiolipolisisi, kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana na ndiyo inayoigizwa vibaya zaidi.

Msingi wake: seli za mafuta huumia kwa baridi kabla ya ngozi, mishipa na misuli. Madaktari waliliona zamani kwa watoto waliokuwa wakinyonya barafu kisha kuota uvimbe mashavuni. Dieter Manstein na Rox Anderson wa Massachusetts General Hospital, Marekani, ndio walioigeuza kuwa tiba, na mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu mashine ya CoolSculpting kwa ubavu wa kiuno. Tumbo, mapaja na kidevu vilifuata baadaye.

Utaratibu unaenda hivi. Eneo linachorwa mtu akiwa amesimama, maana akilala mafuta yanahama. Pedi ya jeli inalazwa juu ya ngozi. Pedi hii ndiyo roho ya usalama: inazuia ngozi isigande. Iwe mpya kwa kila kikombe (kichwa cha mashine kinachovuta mafuta), ifunike mpaka nje ya ukingo wa kikombe, isiwe na kunyanzi wala kiputo cha hewa. Kunyanzi moja tu inaweza kuacha mstari wa ngozi usio na kinga, na malengelenge yanatokea palepale kwa umbo la mstari huo.

Kikombe kinavuta pindo la mafuta ndani kwa hewa, sahani za pembeni zinapoza. Vikombe vingi hufanya kazi karibu na sentigredi 10 au 11 chini ya sifuri, kwa dakika 35 hadi 60 kutegemea aina. Dakika 5 hadi 10 za mwanzo zinauma na kuchoma, kisha ganzi inaingia. Maumivu makali yakiendelea baada ya hapo, mashine isimamishwe ikaguliwe. Mtu asiambiwe avumilie.

Kikombe kikitoka, pindo linakuwa jekundu, baridi na gumu kama siagi ya kwenye friji. Hapo hapo linasuguliwa kwa nguvu dakika 2, kwanza kwa kukanda kisha kwa mzunguko. Msuguo huu una maana: umeonekana kuongeza kiasi cha mafuta kinachopungua. Wapo wanaouruka kwa sababu mteja anaugulia, na hapo wanapunguza matokeo yake.

Seli hazipasuki siku ile. Zinakufa taratibu, uchochezi wa ndani unafika kilele kama wiki ya 2, na mwili unazisafisha kwa miezi 2 hadi 3. Ndiyo maana matokeo hupimwa mwezi wa 3, na eneo lilelile halirudiwi kabla ya wiki 8. Wastani ni 20% hadi 25% ya unene wa eneo lililoingia kwenye kikombe. Kilichobaki nje hakiguswi, kwa hiyo kikombe kimoja katikati ya tumbo pana huacha bonde lenye kingo. Vikombe vipishane kidogo.

#4 Rehema_T

Mkuu FundiVifaa, kwani nikifunga barafu tumboni kwa kitambaa saa nzima si inafanya kazi ileile?

#5 FundiVifaa

Hapana dada, usijaribu. Kinachopoza mafuta bila kuua ngozi ni vitu vitatu kwa pamoja: mvuto unaopunguza damu kwenye pindo, pedi ya kuzuia kuganda, na kihisi kinachosoma joto la ngozi na kuzima mashine. Ukiwa na barafu, damu inaendelea kupasha mafuta joto, wakati ngozi iliyogusana na barafu inaganda. Unapata jeraha la baridi, na mafuta yako pale pale.

Hatari hiyohiyo ipo kwa mashine za kuiga zisizo na kihisi. Swali la kumuuliza mwenye mashine: joto la ngozi linasomwa wapi kwenye skrini, na likishuka kupita kiwango inafanya nini? Akishindwa kukuonyesha, ondoka.

#6 Mwanangozi

Naongeza wasiofaa kabisa kwa tiba ya baridi: mwenye krayoglobulinemia, ugonjwa wa aglutinini za baridi, au hemoglobinuria inayoletwa na baridi, yote ni magonjwa ya damu yanayochochewa na baridi. Mwenye kuvimba au kutoka vipele akiguswa na maji baridi, na mwenye vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi, aseme mapema. Henia (ngiri) ya kitovu au ya kovu la upasuaji ipimwe kwa mkono mtu akikohoa amesimama, maana kikombe kinaweza kuvuta utumbo. Mjamzito hapana.

Baada ya tiba, ganzi ya wiki kadhaa ni kawaida. Kuanzia siku chache za mwanzo mpaka wiki ya 2 kunaweza kuja maumivu ya kuchomachoma kama shoti. Yanaisha yenyewe, ingawa mengine huhitaji dawa.

Kuna moja lisiloisha lenyewe: mafuta kukua badala ya kupungua. Hutokea miezi michache baada ya tiba. Eneo linakuwa gumu, limetuna, na mara nyingi lina umbo la kikombe chenyewe. Lilianza kuripotiwa mwaka 2014, na mwanamitindo Linda Evangelista alipoeleza hadharani mwaka 2021 kwamba limempata ndipo watu wengi walilisikia. Ni nadra, lakini dawa yake ni upasuaji. Fomu ya ridhaa isiyolitaja ina kasoro kubwa. Na tafadhali, anayeona uvimbe mgumu unaokua mwezi wa 3 au wa 4 asikubali kuongezewa kikombe kingine juu yake.

#7 BiSindano

Upande wa sindano nina machache, ila yashikeni.

Asidi ya deoksikoliki ni asidi ya nyongo inayopatikana mwilini na kusaidia kumeng'enya mafuta ya chakula. Ikidungwa ndani ya mafuta, inavunja utando wa seli. Mwaka 2015 FDA iliiidhinisha kwa jina la Kybella kwa kidevu cha pili tu. Nguvu yake ni miligramu 10 kwa mililita. Kila tundu ni mililita 0.2, matundu yapishane sentimita 1, yasizidi 50 kwa siku, yaani mililita 10. Mwachano ni mwezi 1 au zaidi, na marudio hayazidi 6.

Inakoharibika ni kwenye kina na mipaka. Sindano iingie wima, ifike katikati ya mafuta, dawa isukumwe sindano ikiwa imetulia. Anayesukuma huku anatoa sindano anaimwaga dawa kwenye ngozi yenyewe, na ngozi inachubuka mpaka kidonda. Mpaka wa juu ni mstari unaopita sentimita 1 hadi 1.5 chini ya mfupa wa taya. Ukiuvuka, unafika kwenye neva inayoshusha mdomo wa chini, na mteja anatabasamu upande. Mara nyingi inarudi baada ya wiki kadhaa, lakini wiki hizo ni ngumu sana kwa mwenye uso.

Kabla ya kudunga, mwambie mtu akaze shingo huku umeshika pindo. Likibaki vidoleni, mafuta yapo juu ya msuli wa shingo na dawa itayafikia. Likiponyoka, yapo chini ya msuli, usidunge. Kama ngozi tayari inaning'inia, ukitoa mafuta itaning'inia zaidi.

Uvimbe wa kidevu ni mkubwa siku za mwanzo na unaweza kuchukua wiki 2 au zaidi. Mpangie mteja kalenda yake mapema.

#8 Mwanasiti

Bi Sindano, hizo "sindano za kuyeyusha mafuta" za tumbo na mikono zinazouzwa mtandaoni ndizo hizohizo?

#9 BiSindano

Sizo, mwanangu. Nyingi ni mchanganyiko wa fosfatidilikolini (kemikali ya jamii ya mafuta) na deoksikoliki usio na idhini, na mwaka 2023 FDA ilitoa onyo rasmi juu yake ikitaja makovu ya kudumu, ngozi kuharibika umbo, vinundu vya ndani vyenye maumivu na maambukizi makali. Chupa inaweza kuwa na lebo nzuri, lakini huna uhakika wa nguvu ya dawa wala usafi wake.

Kuna maambukizi moja ya kuogopa hapa: bakteria wa jamii ya mikobakteria wanaoishi kwenye maji. Wiki kadhaa baada ya kudungwa, vinatokea vivimbe vyekundu au vya zambarau kwenye matundu yaleyale, vinatoa usaha, na antibayotiki za kawaida hazivigusi. Daktari aambiwe wazi kwamba palidungwa, ili achukue kipande cha nyama na kuomba kipimo cha mikobakteria. Bila kuambiwa atahangaika na jipu miezi.

#10 FundiVifaa

Tuje kwenye joto. Mafuta yakifika takriban sentigredi 43 hadi 45 na kubaki hapo dakika kadhaa, seli zake huanza kufa siku zinazofuata. Kazi ya mashine ni kuyafikisha huko bila kuunguza ngozi ya juu.

Mawimbi ya redio: mashine ya ncha moja inapitisha umeme mpaka kwenye bamba la kurudishia, lililobandikwa mgongoni au pajani, kwa hiyo joto linaenda chini zaidi. Ya ncha mbili inazunguka juu juu, inafaa kukaza ngozi kuliko kupunguza mafuta. Kwa kukaza, ngozi ya juu inashikiliwa kwenye 40 hadi 42, na kipimajoto cha infraredi kinapita kila mara. Muda uhesabiwe kuanzia pale ngozi ilipofika 40, dakika ya kuwasha mashine haihesabiki. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanafanya dakika 20 ambazo ngozi ilifika 40 kwa dakika 4 tu, halafu wanasema mashine haifanyi kazi.

Kinachounguza: bamba la kurudishia lililobanduka upande mmoja, jeli iliyokauka, kichwa cha mashine kilichoinuliwa nusu au kuachwa sehemu moja. Na kamwe usipake ganzi kwenye tiba hii. Maumivu ya mteja ndiyo king'ora chako. Mwenye kifaa cha umeme cha moyo haruhusiwi, na chuma kilichowekwa karibu na eneo ni kizuizi.

Leza ya nanomita 1060 ina vichwa vinavyofungwa kwa mkanda na sahani inayopoza ngozi, dakika 25 kwa awamu, mafuta yakishikiliwa kati ya 42 na 47. Matokeo ni kama ya baridi, karibu robo ya unene. Faida yake ni kwamba haihitaji pindo la kuvutwa ndani ya kikombe. Mchoro wa tatuu ukiwepo hapo, usiweke leza.

Ultrasaundi ya kulenga inachoma nukta ndogo kwenye kina maalumu. Kifaa kinacholenga milimita 13 kinahitaji mafuta yenye unene wa angalau sentimita 2.3, ili chini ya nukta ibaki sentimita nzima ya mafuta. Kukitumia kwa mtu mwembamba ni kuchoma misuli. Pima, usikadirie kwa macho.

Zile mashine za mawimbi ya sauti za "kavitesheni" za kilohezi 40 za saluni, ushahidi wake ni hafifu. Sitaongeza neno.

#11 Mwanangozi

Nirudi kwenye selulaiti, maana mpaka hapa mashine zote hizo zimeongelea mafuta. Kumpunguzia mafuta mtu mwenye vibonyeo virefu kunaweza hata kuvifanya vionekane zaidi, kwa sababu uzi unaovuta bado upo na ngozi imelegea.

Kwa kibonyeo cha mviringo, kimoja kimoja, chenye ukingo unaoonekana, kinachofanya kazi ni kuukata ule uzi. Kwa kitaalamu ni sabsishoni. Hakuna ngozi inayopasuliwa na kushonwa, lakini ni kazi ya daktari na ganzi inadungwa. Kifaa cha Cellfina, kwa mfano, kinaivuta ngozi juu kwenye kikombe, kisha kisu chembamba kama sindano kinapita sambamba na ngozi kwenye kina cha milimita 6 au 10 na kukata nyuzi chini ya alama. Alama zichorwe mtu akiwa amesimama chini ya taa ya juu. Akishalala tumbo vibonyeo vya daraja la 2 havipo, utakata pasipo na kitu. Matokeo yamefuatiliwa na kudumu kwa miaka kadhaa, na hakuna tiba nyingine ya selulaiti yenye rekodi hiyo. Gharama yake kwa mwili ni michubuko ya wiki kadhaa, kidonda cha ndani kinachouma ukikaa, na mara nyingine rangi ya kahawia inayobaki. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa hiari yake. Aliyeziandika ndiye aamue.

Mawimbi ya ngozi yanayopanda na kushuka kama tandiko lililokunjamana hayatibiki kwa kukata. Huo ni ulegevu. Hapo ndipo mawimbi ya redio yanapopata kazi, na matokeo yake ni ya wastani na yanahitaji kurudiwa.

Kimeng'enya cha kolajenesi, Qwo, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa makalio ya wanawake: matundu 12 kwa kila kalio, mara 3, kila baada ya siku 21. Kiliyeyusha nyuzi kweli, lakini michubuko ilikuwa mikubwa na rangi ilibaki kwenye ngozi muda mrefu, na mwishoni mwa 2022 mtengenezaji alitangaza kukiondoa. Anayekuuzia leo muulize amekitoa wapi.

Masaji ya mashine ya kufyonza na mawimbi ya mshtuko hulainisha kwa muda. Ukiacha, hali inarudi ndani ya wiki au miezi. Krimu za kafeini zinapunguza maji kwenye ngozi kwa saa chache. Retinoli (aina ya vitamini A) ya 0.3% ikipakwa kwa miezi 6 huongeza unene wa ngozi kidogo na kuficha kidogo, mjamzito asiipake. Brashi kavu na kujifunga plastiki hukutoa jasho tu.

#12 Kipimo

Kuna kundi moja tusilisahau. Miguu yote miwili imejaa kwa usawa kuanzia nyonga mpaka kifundoni, nyayo zikabaki nyembamba, mafuta yanauma yakibonyezwa na yanachubuka kwa kuguswa kidogo, na kupungua uzito hakuyagusi. Hiyo inaelekea lipedema, ni ugonjwa, na baridi au sindano za saluni hazifai hapo. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hiyo ni dharura ya damu kuganda, nenda hospitali leo.

#13 Rehema_T

Na seli zikishakufa, mafuta yake yanaenda wapi? Na nikinenepa tena?

#14 Kipimo

Chembe za ulinzi zinayala kidogo kidogo na mwili unayachakata kama mafuta mengine. Kwa sababu ni polepole, vipimo vya mafuta kwenye damu havipandi kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Ukinenepa, seli zilizobaki zinajaa, pale palipotibiwa na kwingine. Ndiyo maana uzito uwe umetulia miezi kadhaa kabla, na aliyejifungua asubiri mpaka mwili urudi na kunyonyesha kuishe.

#15 BiSindano

La mwisho kutoka kwangu, kwa siku 3 za kwanza baada ya sindano au sabsishoni: pooza kwa kitambaa chenye baridi dakika 10 kwa mapumziko, vaa nguo ya kubana usiku na mchana kama ulivyoelekezwa, usiingie kwenye bwawa wala beseni la maji ya moto. Ngozi ikiwa nyeupe kama karatasi au ya buluu yenye madoa ya wavu mara tu baada ya kudungwa, na maumivu yakiwa makali kuliko uvimbe, mrudie aliyekudunga saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi. Huenda dawa imeingia kwenye mshipa wa damu, na ngozi isiyopata damu inakufa.